Pasi Inapouma, Dawa Si Ndala

Akina mama wengi tumepiga pasi tangu utotoni, lakini ni wachache kati yetu tuliowahi kufungua plagi yake. Katika makala haya tunaeleza kasoro ambazo mama anaweza kuzitengeneza mwenyewe nyumbani, zile anazopaswa kumwachia fundi, na jambo moja tulilojifunza kwa uchungu.

Ilikuwa Jumapili jioni, wakati wa masika. Sare za shule zilikuwa zimeanikwa tangu Ijumaa, na bado ukizishika zina ubichi. Wenzetu wanaoishi Ulaya na Marekani wana mashine za umeme za kukaushia nguo. Sisi mashine yetu ni jua, na jua likikataa kutoka, tunaitegemea pasi.

Binti yetu, wakati huo akiwa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akinyoosha. Mara akaita, "Mama, pasi inauma." Tulikuwa jikoni tunasonga ugali. Tukamjibu bila hata kugeuka, "Vaa ndala."

Mama msomaji, pengine hata wewe umewahi kutoa jibu hilo. Sisi tulikuwa tumelitumia kwa miezi kadhaa, tangu fundi mmoja wa mtaani alipoirudisha pasi ile ikiwa inapata moto vizuri. Ilikuwa inatetemesha vidole kidogo tu, nasi tukaona ndiyo tabia yake.

Jumapili ile mtoto alivaa ndala. Jumatano hakuvaa, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Tulisikia kishindo. Tulipofika tulimkuta ameketi chini, mdomo wazi, sauti haitoki, na pasi imemwangukia juu ya mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba ule mwanguko ndio uliomtenganisha na umeme. Alipona, lakini kovu analo hadi leo.

Tunaandika haya kwa aibu, kwa sababu kazi yetu ni uuguzi. Wodini tulifundishwa kwamba maumivu ni taarifa. Mgonjwa akisema panauma, humwambii avae viatu, bali unatafuta kinachouma. Nyumbani tulisahau.

Waya wa tatu ni wa nini?

Siku chache baadaye tuliipeleka pasi ile kwa mwalimu wa umeme wa chuo cha ufundi, mume wa mwenzetu katika kikundi cha akina mama kanisani. Alifungua plagi mbele yetu. Ndani tulikuta waya mmoja umekatwa na kukunjwa pembeni, haukufungwa popote. Ulikuwa waya wa rangi ya kijani yenye mistari ya njano.

Waya wa pasi una nyaya tatu ndani yake. Wa kahawia ni waya wa moto, unaoleta umeme. Wa bluu ndio ambao mafundi huuita nyutro, unaorudisha umeme. Kwa vifaa vya zamani rangi zilikuwa nyekundu na nyeusi. Hizi mbili zikiwa nzima, pasi inapata moto, na ndiyo maana fundi mvivu huridhika nazo.

Waya wa kijani na njano ni wa ardhi. Umefungwa kwenye chuma cha pasi, na siku za kawaida haufanyi kazi yoyote. Lakini siku waya wa moto unapochubuka ndani na kugusa chuma, huo wa ardhi huuchukua umeme na kuupeleka chini mara moja, fyuzi inakatika, na pasi inazimika. Ukiwa umekatwa, umeme unabaki kwenye chuma ukingoja njia nyingine. Njia hiyo ni mkono wako, moyo wako na miguu yako iliyokanyaga sakafu yenye maji.

Kwa hiyo pasi inayouma ina magonjwa mawili kwa pamoja: umeme unavuja ndani, na njia ya kuupeleka ardhini imekatika. Ndala haziponyi hata moja.

Fyuzi haimlindi mtu

Wengi tunadhani kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi ndiyo mlinzi wetu. Hebu tupige hesabu. Pasi ya wati 1000 katika umeme wa volti 230 hutumia ampea 4.3 hivi. Fyuzi ya plagi zetu kubwa mara nyingi ni ya ampea 13. Lakini umeme wa ampea 0.03 tu, ukipita kifuani, unaweza kukaza misuli ya kupumua na kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu anaweza kupoteza maisha na fyuzi isikatike. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiungue na kuwasha nyumba. Ikikatika, usiweke karatasi ya sigara wala uzi wa waya mahali pake. Nunua fyuzi nyingine ya namba ile ile iliyoandikwa.

Vifaa vya kuwa navyo

Havizidi ujazo wa kopo la maziwa: bisibisi kubwa na ndogo, kisu kidogo chenye makali, fyuzi ya akiba, na kipimo cha tochi. Kipimo hiki tunakitengeneza wenyewe. Panga betri mbili za tochi mstari mmoja, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, uzifunge kwa karatasi ngumu. Kalisha balbu ndogo ya tochi, ile ya zamani ya volti 2.5, juu ya betri ya mbele. Waya mmoja uushike kwenye shingo ya balbu, mwingine kwenye kitako cha betri ya nyuma. Ncha mbili zilizobaki zikigusana, balbu inawaka. Zikiwekwa kwenye ncha mbili za chuma kizima, inawaka pia. Pakiwa pamekatika, haiwaki.

Pasi isipopata moto

Kabla ya yote, chomoa plagi na uache pasi ipoe kabisa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Plagi iwe mkononi mwako, uione. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Jaribu soketi kwa kuchomeka taa au redio. Ikiwa nayo haiwaki, pasi haina kosa.

2. Toa fyuzi na uipime kwa tochi, ncha moja huku na nyingine kule. Isipowaka, badilisha. Fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, acha. Kuna kasoro ndani ya pasi.

3. Fungua plagi. Ukiitazama kwa ndani, jino refu likiwa juu, waya wa kahawia hukaa kulia upande wa fyuzi, wa bluu kushoto, na wa kijani na njano juu. Mara nyingi kosa ni skrubu iliyolegea au waya uliochomoka. Ukiona dalili ya kuungua, nunua plagi nyingine. Plagi iliyomiminwa ambayo haifunguki, ikatwe na kutupwa, ufunge mpya.

4. Unapofunga upya, menya ganda la nje kwa uangalifu usikate nyaya za ndani. Sokota nyuzi za shaba zisitawanyike, kaza skrubu, na hakikisha kibano cha plagi kinashika ganda la nje la waya, si nyaya zenyewe. Waya wa ardhi uachie urefu kidogo kuliko mingine, ili siku mtu atakapovuta waya kwa nguvu, huo uwe wa mwisho kuchomoka.

5. Kagua waya wote kwa vidole. Ukiona umeungua au umechubuka karibu na plagi, kata sehemu hiyo na ufunge tena. Ukiwa umechubuka katikati, usiufunge kwa utepe. Unatakiwa waya mpya wenye nyaya tatu, wa aina inayostahimili joto, kwa kawaida uliovikwa kitambaa. Kwa pasi ya wati 1000, unene wa milimita mraba 0.75 unatosha, kwa pasi ya mpaka wati 2000, chukua wa 1.0. Kama hujawahi kufungua mgongo wa pasi, mwombe fundi akufungie upande huo nawe ukitazama.

Kipimo ambacho mama asikose

Hata kama pasi yako ni nzima, fanya kipimo hiki mara moja kwa mwezi, na kila inaporudi kwa fundi. Plagi ikiwa imechomolewa, weka ncha moja ya kipimo cha tochi kwenye jino refu la plagi, na nyingine kwenye chuma kitupu cha pasi, pasipo rangi wala kutu. Balbu lazima iwake. Huku ikiwaka, chezesha waya karibu na pasi na karibu na plagi. Ikififia au kukonyeza, waya wa ardhi unakatika ndani. Isipowaka kabisa, pasi hiyo isiguse soketi tena mpaka itengenezwe.

Kisha gusa moja ya meno mafupi na kile chuma. Hapo balbu haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, umeme unafika kwenye chuma moja kwa moja. Lakini isipowaka usitangaze ushindi, kwa maana uvujaji mdogo tochi haiuoni. Pasi iliyowahi kukuuma ipimwe na fundi mwenye mita.

Kumbuka pia kwamba waya wa ardhi wa pasi unategemea ule wa nyumba. Soketi isiyo na ardhi, au ekstensheni yenye nyaya mbili tu, inaharibu kazi yote. Na ile desturi ya kuingiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya meno mawili iingie, tuikomeshe majumbani mwetu. Watoto wanatutazama, na kesho wataingiza msumari.

Mahali pa kuishia

Plagi, fyuzi na waya ni kazi ya mama. Koili inayotoa joto, na swichi ya joto inayowasha na kuzima, ni kazi ya fundi. Pasi inayounguza nguo hata ukiishusha kwenye joto dogo, swichi yake imenata. Usiendelee kuitumia kwa kuchomeka na kuchomoa. Fundi akirudisha pasi, mwombe afungue plagi uone nyaya tatu. Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa.

Tabia nazo zina sehemu yake. Usikunje waya kuizunguka pasi ingali ya moto. Umeme ukikatika, chomoa pasi kabla hujatoka chumbani. Nyumba nyingi huungua umeme unaporudi na wenyewe wamelala au wamekwenda sokoni.

Wala tusiseme basi tuache kupiga pasi. Katika nchi zetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai yakianguliwa, funza huingia ngozini na kuleta majipu, na watoto wachanga huteseka zaidi. Joto la pasi huua mayai hayo, mradi usisahau mishono, pindo na nepi.

Mtu akinaswa na umeme

Usimguse. Zima meini swichi au chomoa plagi. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu mpaka aachane na kifaa. Kisha mwangalie kama anapumua. Ikiwa hapumui, tuma mtu akaite msaada, nawe umlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na kandamiza kwa nguvu, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kupulizia pumzi, puliza mara mbili baada ya kila mikandamizo 30. Usiache mpaka apumue au msaada ufike.

Palipoungua, akishatenganishwa na umeme, pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe. Na hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya mahindi, mpeleke hospitali. Umeme huunguza ndani zaidi kuliko ngozi inavyoonyesha, na moyo unahitaji kuangaliwa.

Tumsikilize anayesema panauma

Pasi ile ya zamani tuliitupa baada ya kuukata waya wake, asije mtu akaiokota na kuitumia. Iliyopo sasa hukaguliwa na binti yetu mwenyewe kila anaporudi likizo. Hukaa mlangoni na betri zake mbili, balbu ikiwaka hutuonyesha, ndipo anachomeka.

Akina mama wenzetu, hatuwaombi muwe mafundi. Tunaomba jioni ya leo, kabla ya sare za kesho, mchomoe plagi na kuifungua. Hesabu nyaya. Zikiwa mbili, pasi hiyo isipigwe tena mpaka ziwe tatu. Na mtoto, au binti anayekusaidia kazi, akisema pasi inauma, geuka umsikilize.