Eksirei na Kilichomo Ndani ya Sanamu

Sanamu ya ibada ikiingia makumbusho hugeuka kitu cha kutazamwa: uso wake, mikunjo ya vazi, umri wa mti wake. Eksirei inatuonyesha kwamba waliozitengeneza baadhi ya sanamu hizo walijali zaidi kile ambacho jicho halikifikii. Mwaka 2014 sanamu ya Kibudha kutoka China ilipimwa kwa CT-Scan hospitalini Amersfoort, Uholanzi. Kwamba ndani mna maiti ya mtawa, anayedhaniwa kuwa Liuquan wa karne ya 11, kulikwishajulikana. Lililogunduliwa safari hii ni kwamba viungo vya ndani vilikuwa vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa karatasi zenye maandishi ya Kichina. Mwaka huohuo, nchini Mexico, eksirei ya sanamu ya Kristo ya karne ya 18 ilibaini meno 8 ya binadamu, mizizi yake ikiwa mizima. Fundi aliyetafuta sura ya kinywa tu angetosheka na meno ya kuchonga.

Wapo watakaosema eksirei hupima msongamano wa maada, haisomi imani. Ni kweli. Katika mankishi, yaani sanamu za nguvu za Wasongye wa Kongo, mchongaji hutoa umbo la mti tu. Nguvu huja pale mganga anapotia bishimba, yaani dawa, tumboni au kichwani, na jani lililomo humo huenda lisionekane kabisa pembeni ya mfupa au chuma. Lakini hata picha hiyo pungufu inathibitisha kwamba tundu lilichimbwa, likajazwa, likazibwa kwa makusudi, na hilo halitegemei kubahatisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siri ya ibada haikuwekwa ili wageni waichungulie. Naliheshimu, na naona picha za namna hiyo zisichapishwe bila ridhaa ya wenyewe pale wanapojulikana. Hata hivyo kujua kilichomo kunaweza kuwapa wenyewe nguvu. Wanakijiji wa Yangchun, mkoani Fujian, wanaosema sanamu ile ya mtawa iliibwa kwao mwaka 1995, walidai mahakamani Amsterdam kwamba maiti ya mtu haiwezi kumilikiwa. Mwaka 2018 dai lao lilikataliwa kwa sababu kamati ya kijiji haikutambuliwa kisheria kuwa mdai. Miaka miwili baadaye mahakama ya Sanming, China, iliamuru sanamu irudishwe. Kwangu mimi hoja ya Yangchun ina uzito: mwenye mifupa ile ni mhenga wao kabla hajawa mali ya mkusanyaji yeyote.