Nyuzi 21 Zinazokatana: Kubadilishana Pini kwenye Bodi ya Saketi

Weka chipu mbili ubavu kwa ubavu kwenye skrini. Kushoto kuna moduli ya ESP32-WROOM-32, kulia kuna ULN2003, ile chipu yenye vipitisho saba ambayo mafundi wengi huitumia kuendesha rilei. Nilikuwa nachora bodi ya kufungua na kufunga vali saba za umwagiliaji, na kwenye mchoro wa saketi nilikuwa nimeshapanga mambo kwa utaratibu: vali ya kwanza IO4, ya pili IO16, kisha IO17, IO18, IO19, IO21, na ya saba IO22. Kwa macho, mpangilio ulipendeza. Nilipohamia upande wa bodi, programu ikanionyesha zile nyuzi nyembamba zinazoashiria miunganisho ambayo bado haijachorwa shaba, na zote saba zilikuwa zimesukana katikati kama ukili. Kila uzi ulikata kila mwenzake. Nyuzi saba zilizopinduliwa kabisa hukatana mara 21.

Halikuwa kosa la bahati mbaya. Pini za chipu huhesabiwa kinyume na mwendo wa saa, kuanzia juu kushoto. Kwa hiyo ubavu wa kulia wa chipu huhesabu kupanda, na ubavu wa kushoto huhesabu kushuka. Ukizisimamisha chipu mbili zikitazamana, hesabu zao hupishana daima. Ukiizungusha ULN2003 nusu duara ili kuupindua mpangilio, pini zake za kupokea zinakwenda kutazama upande wa pili. Kuihamishia chini ya bodi kungenyoosha nyuzi, lakini kungenilazimu kutia solda pande zote mbili kwa ajili ya chipu moja tu.

Kwenye bodi ya tabaka mbili, njia za shaba zilizo uso mmoja haziwezi kupitana juu kwa juu. Mojawapo lazima izame kwenye tundu lililopakwa shaba, ipite chini, iibukie mbele. Tundu lenyewe halina gharama kubwa. Hasara iko chini: ule uso wa shaba uliotandazwa kuwa ardhi ya saketi unakatwa-katwa, na mkondo unaorudi kwenye chanzo unalazimika kuzunguka. Ndiyo maana kabla sijachora njia hata moja, najiuliza kwanza ni pini zipi zinaweza kubadilishana kazi.

Uhuru huo una chimbuko zaidi ya moja, na anayeyachanganya ndiye anayeharibu bodi. Chukua 74HC00, chipu ya pini 14 yenye milango minne ya NAND. Pini 1 na 2 ni za kupokea, na 3 ni ya kutoa. Kwa kuwa mlango haujali ishara ipi imeingilia wapi, 1 na 2 unaweza kuzibadilisha upendavyo. Kundi zima la 1, 2 na 3 nalo linaweza kubadilishana na kundi la 4, 5 na 6, mradi zihame zote tatu kwa pamoja. Pini 7 na 14 ni za umeme, hizo haziguswi.

ULN2003 iko kwenye aina hiyo ya pili. Pini 1 hadi 7 hupokea, na kila moja ina ya kutoa iliyo mkabala nayo, 16 kurudi hadi 10. Ningeweza kubadilisha vipitisho vyake, lakini ningekuwa nauhamisha tu msuko kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu rilei na vituo vya skrubu vilikuwa vimeshapangwa kwa namba pembezoni mwa bodi. Namba hizo husomwa na fundi aliyeko shambani na bisibisi mkononi. Tuta la tatu lazima liwe kituo cha tatu. Sikutaka kumsumbua yeye ili mimi nipate mchoro safi.

Ilibaki ESP32, na huko ndiko uhuru uliko mwingi. Ndani yake kuna swichi za kielektroniki zinazoweza kupeleka ishara nyingi za ndani kwenye karibu pini yoyote, na kuwasha au kuzima rilei ni kazi nyepesi kuliko zote. Kwenye msimbo nilikuwa na mstari mmoja wenye orodha 4, 16, 17, 18, 19, 21, 22. Nikaugeuza ukawa 22, 21, 19, 18, 17, 16, 4, na kwenye mchoro wa saketi nikazigeuza pini vivyo hivyo. Makutano 21 yakawa sifuri.

Sasa namna ya kulifanya hilo bila kupoteza nusu siku. Ninatumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa, na ambayo CERN ilianza kuichangia mwaka 2013. Wepesi wa kubadilisha pini huamuliwa mapema, siku ya kuchora saketi. Mtu akivuta waya mrefu kutoka kila pini ya ESP32 hadi kila pini ya ULN2003, siku ya kubadilisha atafuta na kuchora upya waya saba, na mmoja akiukosea hatajua. Mimi kila pini inayoweza kuhama naipa kijiwaya kifupi chenye lebo mwishoni: VALI1, VALI2, hadi VALI7. Upande wa ULN2003 naweka lebo zilezile. Programu huelewa kwamba majina yanayofanana ni muunganisho mmoja, ingawa hakuna waya unaoonekana kati yao. Kubadilisha pini kunakuwa kubadilisha majina tu: VALI1 inakwenda ilikokuwa VALI7, na VALI7 inachukua nafasi yake.

Mchoro wa saketi na bodi navifungua pamoja, kila kimoja upande wake wa skrini. Nikibofya pini huku, inawaka kule, kwa hiyo sihitaji kukariri namba. Nasogeza lebo, nabonyeza F8 ili bodi ichukue mabadiliko kutoka kwenye mchoro, natazama nyuzi. Nikiona mbili bado zinakatana, narudia. Kwa bodi ile ya vali ilikuwa kazi ya dakika chache.

Kuna njia ya mkato inayovutia ambayo nawasihi wanaoanza waiepuke. Unaweza kufungua sifa za pedi palepale kwenye bodi, ukaipa muunganisho mwingine, na nyuzi zikanyooka mara moja. Tatizo ni kwamba mchoro wa saketi haujui lolote. Ukibonyeza F8 wiki ijayo kwa ajili ya jambo jingine kabisa, mpangilio wa zamani unarudi, na njia zako za shaba zinajikuta zinaunganisha visivyopaswa kuungana. Tangu toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, KiCad ina njia rasmi ya kurudisha mabadiliko kutoka bodi kwenda kwenye mchoro. Mimi huitumia kwa nadra. Napenda uamuzi uandikwe kwanza mahali ambapo mtu mwingine atausoma, na mahali hapo ni mchoro.

Programu nyingine ya kuchora bodi, Eagle, ililitatua suala la pini zipi zinaweza kubadilishana kwa namna ninayoiheshimu sana. Aliyetengeneza alama ya chipu kwenye maktaba aliipa kila pini namba ya ubadilishano. Sifuri ilimaanisha pini haihami. Pini za alama moja zenye namba moja isiyo sifuri zilikuwa sawa, na programu ilikubali kuzibadilisha hizo peke yake. Aliyesoma karatasi ya chipu mara moja aliwalinda wote waliofuata.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuumia. Kwenye bodi nyingine ya ESP32 nilikuwa na kitambuzi cha maji ambacho waya wake ulilazimika kuzunguka moduli nzima. Nikaona pini 14, IO12, iko wazi karibu kabisa na kitambuzi. Nikahamisha lebo, uzi ukawa mfupi, ukaguzi wa programu haukulalamika, nikaagiza bodi kumi. Zilipofika, hakuna hata moja iliyowaka na kitambuzi kikiwa kimechomekwa. Ukikichomoa, inawaka. Ukikichomeka baada ya kuwaka, inaendelea vizuri. Nilitumia jioni mbili nikishuku umeme, solda, hata kitambuzi chenyewe.

Sababu ilikuwa kwamba IO12 husomwa na ESP32 papo hapo inapowashwa. Ikikuta volti iko juu, inaamini kumbukumbu yake ya flashi ni ya volti 1.8, inaipunguzia umeme, na flashi ya volti 3.3 iliyomo ndani ya moduli inashindwa kusomeka. Kitambuzi changu kilikuwa kinatoa volti ya juu tangu sekunde ya kwanza. Nilikata njia ya shaba kwa wembe na kutia kiwaya chembamba kwenda IO27, bodi moja baada ya nyingine, mara kumi.

Tangu hapo, kabla ya kuhamisha lebo yoyote kwenye moduli hii, naziondoa kwanza pini zisizo huru. IO34 hadi IO39 hupokea tu, haziwezi kuendesha rilei. IO6 hadi IO11 zimeshikwa na flashi. IO0, IO2, IO5, IO12 na IO15 husomwa wakati wa kuwasha. Pini za kupimia volti zilizo chini ya kipimo cha pili, ADC2, hazifai kupimia wakati Wi-Fi inafanya kazi. Hizo za kupokea tu ukaguzi wa KiCad unaweza kuzinasa, ikiwa maktaba imeziandika hivyo. IO12 hauwezi kuinasa, kwa sababu kwake ni pini kama nyingine.

Upande wa pili kuna chipu zenye uhuru kuliko watu wanavyodhani. Kumbukumbu ya RAM ya 62256 ina pini 15 za anwani na 8 za data. Unaweza kuzichanganya anwani kwa anwani na data kwa data utakavyo, kwani mchafuko uleule ulioandika ndio utakaosoma, na kompyuta itapata ilichokiweka. Ukilifanya hilo kwa EPROM iliyojazwa kwenye mashine nyingine, inasomeka takataka.

Kwenye maktaba yangu, alama ya ESP32-WROOM-32 sasa ina maandishi madogo mekundu pembeni ya pini 14: «Iwe chini wakati wa kuwasha». Vijana ninaofanya nao kazi huikuta humo kila wanapoiburuta alama hiyo kwenye mchoro mpya.