Siti Bora ni ya Nani?

Mwezi uliopita nilikaa jikoni kwetu Oud Metha, laptopu mezani, nikimchagulia Mama siti ya kwenda Toronto kwa dada yake. Ni karibu saa 14 hewani, na goti lake lilipasuliwa mwaka jana. Niliweka akiba miaka miwili ili asafiri biznesi, alale kama watu.

Sasa sikilizeni. Kwenye A380 ya Emirates, biznesi iko ghorofa ya juu, siti zimepangwa 1-2-1, kwa hiyo humruki mtu. Lakini hazifanani. A na K zimeshikana na dirisha, meza inakukinga na wapitaji. B na J ziko upande wa korido. Safu za nyuma zinakaribiana na baa, na kelele zipo. Ukipangiwa 777 yenye 2-3-2, kimbia ile ya katikati.

"Mama, nimekupatia A. Hakuna atakayekusumbua."

Akaitazama picha. "Mwanangu, na nikitaka kusimama nitapenyaje hapo kwenye meza? Tena saa 14 bila kuona mtu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimechagua siti ninayoitaka mimi. Nikabadilisha, nikaweka B: miguu inatoka moja kwa moja, na wahudumu anawaona wakipita.

Ujumbe wake wa kwanza kutoka Toronto: amelala saa sita, na kuna mhudumu wa Mombasa, wamepiga soga mpaka chai ikapoa.

Kabla hujabonyeza, muulize anayesafiri.