Miji Mikuu Si Jiografia

"Mtoto aanze kukariri miji mikuu ya Afrika akiwa na umri gani?" Wazazi huniuliza hivyo kila muhula unapofunguliwa, na jibu langu halibadiliki: asianze.

Najua linawaudhi, hasa waliokwisha kubandika chati ukutani na kumzoesha mtoto kuimba orodha mbele ya wageni. Wageni hupiga makofi. Lakini mkatize katikati uone: hawezi kuendelea mpaka arudi mwanzo. Kisha mwulize, ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda machweo, unafika nchi gani? Kimya. Ametoka tu kutamka Kinshasa bila kigugumizi, wala hajui kwamba Kongo ndiyo jirani wa ng'ambo.

Huyo amejifunza sauti, basi. Na sauti zenyewe huchakaa. Nigeria ilihamishia makao makuu Abuja mwaka 1991. Sudan Kusini ilizaliwa mwaka 2011 na Juba yake. Burundi sasa ni Gitega, Bujumbura umebaki mji wa biashara. Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu. Orodha itamchagulia mtoto mmoja na kumficha miwili.

Ramani inayochapwa juu ya orodha hiyo mara nyingi ni mbaya zaidi. Mchoro wa Mercator wa mwaka 1569 ulitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, nao huzivimbisha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Greenland huonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takribani mara 14. Kongo ya Kinshasa peke yake inaizidi! Mtoto anayeitazama picha hiyo kila siku hukua akiliona bara lake dogo, na kukariri hakumtoi huko.

Fanyeni hivi. Nunueni tufe, hata dogo, ayaone mabara kwa ukubwa wake halisi. Anzeni na maji kabla ya mipaka: Ziwa Tanganyika lina nchi nne kandokando yake, na maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja hukutana Khartoum na yale ya Ethiopia. Fuateni muhogo: kwetu ugali, Ghana na Nigeria chakula kiitwacho gari, Côte d'Ivoire attiéké, na asili yake ni Amerika Kusini. Mwonyesheni kwamba Wamakonde wapo Tanzania na Msumbiji, pande zote mbili za Mto Ruvuma, aulize mwenyewe mpaka umefikaje hapo. Mkiwa na jirani Mrundi au Mkongo, mwacheni mtoto akakae naye jikoni. Majina ya miji atayashika akiwa na sababu ya kuyahitaji.

Nanyi walimu wa madarasa ya awali, nawasihi: orodha hiyo iondoeni kwenye mitihani yenu.