Pampu Yenu Isife kwa Sababu ya Mpira Mmoja

Kuna swali moja la kuuliza kabla kiangazi hakijaanza: pampu ikikwama tarehe 10 Januari, nani atafungua, kwa spana gani, na kwa pesa za nani? Kama hakuna jibu, kikundi hakina pampu. Kina chuma kilichosimama uwanjani.

Watu wengi husema Kakamega si nchi ya ukame. Ni kweli, mvua yetu ni nyingi kuliko ya Kitui au Kwale. Lakini kuanzia Desemba hadi mvua ya Machi maji ya ardhini hushuka, chemchemi nyingine hupungua, na kila mtungi huelekezwa kwenye pampu moja. Pampu iliyokuwa ikihudumia nyumba 20 sasa inahudumia 60. Hapo ndipo inapovunjika. Na ikivunjika, akina mama na watoto wanarudi Isiukhu, Lusumu au Yala, kwenye maji yale yale ambayo ng'ombe wanakunywa. Homa ya matumbo na kuhara havingoji kamati ikutane.

Pampu zilikujaje kwetu?

Kuanzia mwaka 1981 serikali ya Kenya na serikali ya Ufini zilifanya mpango mkubwa wa maji katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Wazee wanaukumbuka kwa jina la KEFINCO. Visima vingi vilichimbwa na kufungwa pampu za mkono, na chemchemi nyingi zikajengewa. Miaka hiyo hiyo ya 1980, huko Kwale, pampu za aina mbalimbali zilijaribiwa ili ipatikane moja ambayo wanakijiji wenyewe, hasa akina mama, wanaweza kuifungua na kuitengeneza bila lori wala winchi. Majaribio hayo ndiyo yaliyosaidia kuleta pampu ya Afridev.

Mradi ukiisha, magari yanaondoka. Tangu mwaka 2013 kazi ya maji iko mikononi mwa kaunti. Ofisi ya maji husaidia kwa ushauri na kwa kazi kubwa, lakini haiwezi kuja kila mara mpira mdogo unapolika. Hiyo ni kazi ya kikundi.

Ijue pampu yako

Kabla ya kununua spea yoyote, jua pampu yenu ni aina gani. Ukikosea utanunua kitu kisichoingia.

Nira AF-85: Haina mkono wa pembeni. Unashika mpini ulio kama herufi T, unauvuta juu na kuusukuma chini. Inafaa kisima kifupi, kama mita 15 hivi.

Afridev: Ina mkono mrefu. Inaweza kuvuta maji mpaka mita 45 hivi. Uzuri wake ni kwamba pistoni na vali ya chini hutolewa kupitia ndani ya bomba, kwa hiyo hamhitaji kung'oa bomba lote.

India Mark II: Ina mkono mrefu na mnyororo ndani ya kichwa. Mabomba yake mara nyingi ni ya chuma. Kufikia pistoni ni lazima kung'oa mabomba, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo. Pia mahali ambapo maji ya ardhini yana ukali wa asidi, mabomba ya chuma huliwa na kutu mapema.

Vipimo viwili vya kila mwezi

Hamhitaji mashine. Mnahitaji saa, ndoo iliyo na alama za lita, na daftari. Tunaeleza hapa kwa pampu ya Afridev kwa sababu vikundi vingi vinaweza kuitengeneza wenyewe.

Kipimo cha kwanza, kuvuja. Vuta mpaka maji yatoke vizuri. Iache pampu kwa nusu saa, mtu asiiguse. Kisha vuta tena ukihesabu. Maji yakitoka kabla ya mvuto wa sita, vizuri. Yakichelewa zaidi ya hapo, maji yamekuwa yakirudi chini. Mara nyingi mpira wa vali ya chini umechoka. Mkiubadilisha na bado maji yanarudi, basi bomba limetoboka au kiungo chake kimeachia.

Kipimo cha pili, wingi wa maji. Maji yakiwa yanatoka mfululizo, vuta mivuto 40 kamili kwa dakika moja, ukipokea kwenye ndoo. Pampu nzima hutoa lita 15 au zaidi. Zikishuka chini ya 10, usingoje. Mara nyingi mpira wa pistoni umelika.

Andikeni matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe. Mkiona mwezi huu lita 16, ujao 14, unaofuata 12, tayari mnajua spea itatakiwa lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pampu ni ghali.

Dalili na sababu zake

Mkono mwepesi ghafla na maji hakuna: Fito za ndani zimeachana au zimekatika, au maji ya kisima yameshuka chini ya vali.

Mkono unacheza kando na kupiga kelele: Bushi zimelika. Mkiendelea kuvuta hivyo, chuma kitakula chuma, na gharama itapanda mara nyingi.

Mkono mzito kuliko kawaida: Kuna mchanga ndani, au mpira uliowekwa si wa kipimo chake.

Maji mekundu asubuhi, kisha yanasafika: Kutu ya mabomba au fito za chuma.

Maji yenye mchanga au matope: Kisima kinabomoka ndani au kimejaa tope chini. Mchanga hula mipira kama msasa. Kubadilisha mipira peke yake hakutasaidia. Kisima chenyewe kinataka kusafishwa.

Pampu inaumwa, au kisima kimekauka?

Hili ndilo kosa linalokula pesa za vikundi wakati wa kiangazi. Maji yanapungua, watu wanamwita fundi, anabadilisha mipira yote, na bado maji hayatoki. Pampu haikuwa na neno. Maji yenyewe hayakuwepo.

Angalieni hivi. Ikiwa alfajiri maji yanatoka vizuri, kufikia saa nne pampu inavuta hewa, na baada ya kupumzika inatoa tena, basi kisima kinakauka kwa kuvutwa haraka kuliko kinavyojaa. Ikiwa maji ni machache tangu alfajiri na kipimo cha kuvuja nacho kimeshindwa, pampu ndiyo mgonjwa.

Kisima kilichochimbwa kwa mkono na chenye mfuniko wa kufungulia kinaweza kupimwa kwa kamba safi yenye uzito mwishoni. Pimeni mara moja kwa mwezi, mwandike. Kama kisima kinakauka, wekeni saa za kuchota na saa za kufunga, na kila nyumba ipate mitungi yake kwa zamu. Kumwagilia mboga kungoje. Kama kila mwaka ni hivyo hivyo, ulizeni fundi juu ya kuongeza kina. Kazi hiyo hufanywa mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Ukichimba wakati wa mvua utadhani umefika, kumbe bado.

Onyo: Mtu asiingie kisimani peke yake, wala bila fundi mwenye vifaa. Hewa mbaya hukaa chini, haionekani na mara nyingi hainuki. Msishushe injini ya petroli kisimani hata kidogo, kwani moshi wake unaua haraka. Taa kuzimika ni dalili ya hatari, lakini taa kuendelea kuwaka si hakikisho la usalama. Mtu akianguka humo, msimfuate mmoja mmoja. Wengi wamekufa kwa kumfuata mwenzao.

Kubadilisha mipira ya Afridev

Kazi hii watu watatu au wanne waliofundishwa wanaweza kuimaliza asubuhi moja. Tandazeni turubai safi kwanza. Kitu chochote kitakachorudi kisimani kisiguse udongo.

1. Legezeni bolti ya kifuniko cha kichwa, mkitoe. Kisha legezeni nati na mtoe mkono pamoja na bushi zake.

2. Vuteni fito moja moja, mkizitenganisha kwa mkono. Mmoja ashike fito ya chini kila wakati. Ikiponyoka itaanguka ndani, na kazi itakuwa ya kuvua samaki.

3. Pistoni ikitoka, tazameni mpira wake. Kama umelika au umepasuka, wekeni mpya. Mdomo wa mpira uelekee juu. Ukigeuzwa, maji hayatapanda.

4. Shusheni chombo cha kuvulia, mnase vali ya chini, mwivute juu. Badilisheni mpira wake wa duara na mkague kile kifuniko cha mpira kinachofungua na kufunga.

5. Kagueni fito. Iliyopinda au kulika kwenye ndoano ibadilishwe.

6. Rudisheni vali ya chini, muishindilie kwa fito mpaka ikae imara. Kisha pistoni, fito, bushi mpya na mkono.

7. Rudieni vile vipimo viwili kabla watu hawajaanza kuchota.

Bushi za Afridev ni za plastiki na hufanya kazi zikiwa kavu. Msizipake grisi, maana grisi hushika vumbi na vumbi huzila. Mnyororo wa India Mark II ndio unaotaka grisi. Msichanganye haya mawili.

Mipira na bushi za Afridev zibadilishwe mara moja kwa mwaka hata kama bado zinaonekana nzuri. Wakati mzuri ni Novemba, kabla ya kiangazi.

Kusafisha kisima kwa dawa

Kila mkifungua pampu, mikono na vyombo huingiza uchafu. Kwa kisima cha kuchimbwa chenye upana wa mita 1.2, kila mita moja ya maji ni kama lita 1,100. Tumieni lita moja ya dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, kwa kila lita 1,000 za maji. Changanyeni kwanza kwenye ndoo ya maji, mmwage kisimani, mvute mpaka harufu ya dawa itoke mdomoni mwa pampu. Fungeni pampu usiku kucha. Kesho yake vuteni na kumwaga mpaka harufu iishe, mbali na mifugo na mabwawa ya samaki. Kwa kisima kirefu cha mashine, muulizeni afisa wa afya kipimo chake.

Pesa za pampu

Vikundi vingi hungoja pampu ife ndipo vifanye harambee. Wakati huo kila mtu ana sababu: karo, mbolea, matanga. Heri kidogo kila mwezi.

Tuchukue mfano. Nyumba 40 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, hizo ni shilingi 2,000 kwa mwezi na 24,000 kwa mwaka. Ulizeni bei ya mipira na bushi katika duka la spea mjini, mlinganishe, kisha mpange mchango wenu. Nunueni seti mbili: moja ya kutumia, moja ya kuweka sandukuni. Aina ya Afridev hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo nendeni na mpira wa zamani mkononi mkapime kabla ya kulipa.

Pesa ziwe na sahihi tatu. Daftari lisomwe mbele ya watu kila mkutano, kila shilingi na ilikokwenda. Watu hawakatai kuchanga kwa sababu ni maskini tu. Mara nyingi wanakataa kwa sababu mara ya mwisho hawakuambiwa pesa zilikwenda wapi.

Huko Kyuso, Kitui, kulifanyika jaribio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa ndani ya mkono wa pampu, kinachotuma habari kwa mtandao wa simu pampu ikiacha kufanya kazi, na mafundi wakawa tayari. Siku za kungoja matengenezo zilishuka kutoka 27 hivi hadi chini ya 3. Sisi huenda hatuna kifaa hicho. Lakini tuna simu mkononi, na tunaweza kuwa na mtu mmoja wa kuarifiwa, fundi mmoja anayejulikana, na spea zilizo tayari.

Kazi kwa ufupi

Kila siku: Fagieni sakafu ya simiti, fungueni mfereji wa maji machafu, watoto wasining'inie kwenye mkono wa pampu.

Kila wiki: Kazeni bolti na nati, sikilizeni kelele.

Kila mwezi: Vipimo viwili, kina cha maji, mchango, daftari.

Kila mwaka: Mipira na bushi mpya, kuziba nyufa za sakafu, dawa kisimani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Pampu yetu ni aina gani, na nani anajua kuifungua? Kati yao akina mama ni wangapi?

2. Spana iko nyumbani kwa nani leo?

3. Kuna shilingi ngapi kwenye mfuko wa pampu, na daftari lilisomwa lini?

4. Nyumba isiyoweza kuchanga, kama ya mjane au mgonjwa, tutaisaidiaje bila kuinyima maji?

Jibuni maswali haya kabla ya Novemba. Mkiona swali la pili tu limewashinda, anzeni na hilo.