Nani Anaigeuza Ndege ya Bukoba?

Wavuvi wa Goziba hawangoji redio iwaambie kwamba alfajiri ni saa ya kuliangalia wingu. Kisiwa chao, katika wilaya ya Muleba, kiko mbali ndani ya Ziwa Victoria. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka kando zote kuelekea ziwani, ukakutana huko na kupanda juu, na radi zikaanza. Kunapopambazuka, upepo wa mashariki huwa umelisukuma wingu hilo upande wa Kagera. Ndiyo maana Bukoba hunyeshewa mara nyingi asubuhi, saa zilezile ambazo ndege kutoka Dar es Salaam zinatafuta pa kutua.

Tangu Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 jambo hilo halisemwi kwa mzaha mjini Bukoba. Siku hiyo ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, yenye watu 43, ilianguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kuwafikia wengine. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba muda mfupi kabla ya ajali abiria walitangaziwa kuwa huenda wakarudishwa Mwanza. Sababu za ajali ni kazi ya wachunguzi, wala sitaki kuwasemea. Nimelishika neno moja tu, kurudishwa Mwanza, kwa kuwa abiria wengi wanalichukulia kama uamuzi wa ghafla wa rubani, tena wa kuwaonea.

Kweli, angani neno la mwisho ni la rubani. Lakini safari ya kwenda Mwanza huwa imekwisha kupangwa kabla magurudumu hayajaondoka Dar es Salaam, na anayeipanga ni mtu ambaye abiria hamwoni kamwe. Ni mpangaji wa safari za ndege. Wenyewe humwita disipacha. Si yule wa mnarani anayeongoza ndege. Huyu ni mwajiriwa wa kampuni, amekaa mezani na taarifa za hewa, uzito wa mizigo na hali ya viwanja, na yeye ndiye anayekokotoa mafuta.

Hesabu yake anayeitaka kuijua amuulize mvuvi wa Goziba mwenye injini ya kupachika, ambaye hatoki mwaloni na petroli ya kwendea tu. Disipacha anaweka mafuta ya kufika Bukoba, anaongeza kidogo kwa ajili ya upepo na mengine yasiyotarajiwa, kisha ya kutoka Bukoba hadi uwanja mbadala, tuseme Mwanza. Juu ya hayo yote iko akiba ya mwisho: kwa ndege za injini za turbini, kanuni za kimataifa zinataka iwe ya kuruka dakika 30. Akiba hiyo haipangiwi matumizi. Rubani akizunguka juu ya Bukoba kungoja mvua ipite, anakula mafuta ya kungojea, na ikifika dakika fulani lazima aondoke hata kama uwanja unaanza kuonekana. Dakika hiyo inajulikana mapema. Anayeguna ndani ya ndege anadhani rubani ameogopa, kumbe amesoma saa yake.

Mafuta yakihesabiwa vizuri chini, bado ndege inahitaji mtu wa kuzungumza naye. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Walikufa watu 73 kati ya 158. Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu marubani kwa kutotangaza hatari, na wakaongeza jambo ambalo halitajwi sana: kwamba hawakuutumia mfumo wa madisipacha wa kampuni yao uwasaidie njiani.

Sasa tufike kwenye meza yenyewe. Siku ya jua, mtu mmoja anaweza kuangalia ndege nyingi bila jasho. Shida ya wingu la ziwani ni kwamba halichagui ndege moja. Likifunga Bukoba, zote zinazokwenda Bukoba zinataka majibu kwa wakati mmoja. Mwanza kuna nafasi ya kuegesha? Mafuta yapo? Saa za kazi za marubani zinatosha kurudi tena mchana, au walale? Na abiria waliokuwa wakiingoja ndege hiyohiyo Bukoba waondoke nayo, wanaambiwa nini? Simu zinalia, na wingu linabadilika huku akijibu.

Mfano ninaoufahamu wa uzito huo ni wa siku ambayo haikuwa na mvua. Tarehe 11 Septemba 2001, disipacha wa United Airlines, Ed Ballinger, alikuwa na ndege 16 za kuangalia. Moja, namba 175, ilikwisha kupigizwa kwenye jengo New York. Saa 3 na dakika 19 asubuhi alianza kuzitumia ndege zake ujumbe wa maandishi, marubani walinde chumba chao. Zilikuwa nyingi. Ujumbe wa ndege namba 93 ulitoka saa 3:23. Saa 3:26 rubani wake aliuliza, akitaka ujumbe huo uthibitishwe. Saa 3:28 watekaji waliivamia. Simlaumu Ballinger hata kidogo. Nahesabu dakika tu.

Marekani hiyohiyo, ambako sheria inamfanya disipacha awajibike pamoja na rubani kwa safari, inaweka kikomo cha zamu yake kuwa saa 10 mfululizo. Kuhusu idadi ya ndege, inasema tu kwamba kampuni iwe na madisipacha wa kutosha. Kutosha ni neno linalovutika, hasa mikononi mwa mwenye kulipa mishahara.

Kwa abiria wa Bukoba, kugeuzwa Mwanza hakuna uchungu uleule wa zamani. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na anayezunguka kwa basi kupitia Geita hapangi tena foleni ya kivuko. Ni safari ndefu bado, najua, na mwenye msiba au kesi ya mahakamani ana haki ya kununa. Lakini swali la kuuliza kaunta si kwa nini rubani hakujaribu mara nyingine. Ningependa tuziulize kampuni, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga iziulize kwa niaba yetu: asubuhi ya masika, wingu likiwa juu ya ziwa, mtu mmoja pale mezani ana ndege ngapi?