Afande Mkali na Tope la Katesh

Vijana wa Mbulu na Hanang wakirudi kutoka JKT humlalamikia afande: kuruta mmoja akichelewa kwata, kombania nzima inaruka kichura. Ni uonevu? Sidhani, mradi asimdhalilishe mtu. Hapo ndipo kuruta anapojifunza kumwamsha mwenzake.

Desemba 3, 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope la Mlima Hanang liliifunika Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Askari waliingia kwenye tope lile, bega kwa bega, kuwatafuta waliofukiwa.

Paulo anamwita Timotheo ashiriki taabu kama askari mwema (2Tim 2:3). Ashiriki, hakusema avumilie peke yake! Katika jumuiya yako ndogo ndogo, mwenzenu akikosekana wiki tatu, nani hubisha hodi kwake?